Mistari Kumi na Minne ya Bernadina

Kila asubuhi Bernadina alifagia uwanja wa shangazi yake kule Singe huku midomo ikimchezacheza. Mtu asiyemjua angedhani anasali rozari. Ukimsogelea ungesikia mambo mengine kabisa: "Nukta mbili, shuka chini, acha nafasi nne. Funga mabano. Shuka chini." Kuku walikuwa wamekwisha kuyazoea maneno hayo. Shangazi yake, Mama Aniceti, alisimama mlangoni na kikombe cha chai akimtazama kwa fahari. Aliwaambia majirani kwamba mtoto wa kaka yake amekuwa mtaalamu wa kompyuta, mpaka anaziota usingizini.

Hiyo ya kuziota ilikuwa kweli, ila ndoto zenyewe zilikuwa mbaya.

Bernadina alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameshuka kutoka kwao, nyanda za juu za Mbulu, baada ya kumaliza kidato cha nne, akajiunga na chuo kidogo cha kompyuta huko Maisaka, mjini Babati. Shule aliyotoka ilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona imewashwa. Kwa hiyo siku ya kwanza chuoni, Mwalimu Hatibu alipowauliza wanafunzi wote kumi na saba ni nani ambaye hajawahi kugusa kompyuta, Bernadina alipaswa kunyoosha mkono.

Hakunyoosha. Aliona wengi wanaonyoosha ni watu wazima, na nyuma yake vijana wawili walikuwa wakicheka kichinichini. Akaikalia mikono yake. Mwalimu akaandika majina ya walionyoosha, akawaambia watakuwa na kipindi cha ziada kila Jumamosi asubuhi, waanze mwanzo kabisa bila haraka. Bernadina akaingia kwenye orodha ya wanaojua. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, haukuwa hata na maneno. Lakini tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyejifungia ndani kisha akautupa ufunguo dirishani.

Wiki iliyofuata Mwalimu Hatibu alianza kufundisha programu. Alieleza kwamba programu ni maagizo ambayo mtu anaiandikia kompyuta, mstari kwa mstari, ili ifanye kazi fulani. Kompyuta haina akili yake. Haikisii wala haiongezi kitu, inafuata tu kile ilichoandikiwa. Kisha akaandika ubaoni programu ya mistari kumi na minne. Ilipokea alama za wanafunzi watano na kutoa wastani wao.

Alieleza kila mstari. Tatizo ni kwamba Bernadina alikuwa bado anaitafuta herufi ya kwanza kwenye kibodi wakati mwalimu amefika mstari wa tisa. Wale wa Jumamosi waliuliza maswali. Yeye angeulizaje? Mtu anayejua haulizi mambo ya wasiojua. Basi akafanya jambo lililomvusha katika mitihani yote tangu darasa la kwanza. Alikuwa amekariri sababu za Vita vya Maji Maji, akakariri sehemu za ua, akakariri mito na maziwa, na mara zote alifaulu. Sasa akaikariri na programu, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, pamoja na nafasi zake, bila kujua hata mstari mmoja unafanya kazi gani.

Ikaja siku ya jaribio. Mwalimu alitaka waandike programu ya kupata wastani wa alama za wanafunzi watano. Ilikuwa ileile ya ubaoni. Bernadina aliimwaga yote kama maji. Alipata alama mia moja, peke yake darasa zima.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu Hatibu alimsimamisha, akamsifu mbele ya wote, akasema kuanzia leo Bernadina ni kiongozi wa kundi na atawasaidia wenzake wawili. Jioni baba yake, Mzee Marseli, alimpigia simu. Shangazi alikuwa amekwisha kumpa habari, naye mzee akasimama kwenye mkutano wa jumuiya ya kanisa na kutoa shukrani kwa ajili ya akili za binti yake. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho. Alijua amevikwa kilemba cha ukoka, na hakujua atakivua wapi bila watu kumwona.

Wenzake wa kundi walikuwa Romanus, kijana mpole aliyekubaliana na kila neno, na mama mmoja aliyeitwa Hadija. Wote walimwita Mama Amna, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alikuwa na duka la vitenge karibu na soko. Alimaliza kidato cha nne miaka ishirini iliyopita, akaolewa, akalea watoto watatu, na sasa ameamua kurudi kusoma. Ndugu zake walimcheka. Walisema mtu mzima kama yeye anataka kushindana na watoto. Aliingia darasani kila siku na hofu moja, kwamba huenda ndugu zake walisema kweli.

Mwalimu aliyapa makundi yote zoezi jipya. Kuna magunia saba ya mahindi, kila gunia na uzito wake. Kila kundi liandike programu ya kupata wastani wa uzito. Bernadina akaandika mistari yake kumi na minne, akabadilisha neno "alama" kuwa "uzito," akawaambia wenzake waikariri. Walipoijaribu, kompyuta ikapokea magunia matano, ikatoa jibu, ikanyamaza.

"Haya mawili yaliyobaki yanaingia wapi?" Mama Amna akauliza.

Bernadina alisema labda kompyuta imechoka, waiwashe upya. Wakaiwasha upya. Ikapokea matano.

Mama Amna alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akagusa skrini kwa ncha ya kidole. "Naona hapa mstari wa sita pana tano. Hii tano ni ya nini? Ndiyo inayoizuia?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Dirisha lilikuwa na nondo, mlango ulikuwa nyuma ya meza tatu, na Romanus alikuwa amesimamisha kalamu akingoja jibu. Bernadina alikuwa na mistari kumi na minne tu.

"Mama Amna," akasema, "mambo mengine ni ya kuelewa tu, hayaelezeki. Mtu akishindwa kuelewa ndiyo basi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kiongozi. Mama Amna alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha kwenye mfuko wake. Siku hiyo hakuuliza tena.

Jumatatu Mama Amna hakuja. Jumanne na Jumatano pia hakuja. Siku ya Alhamisi Romanus alisema alipita dukani kwake, akamkuta ameandika barua ya kuacha chuo. Ataileta kesho Ijumaa kwa Mwalimu Hatibu. Romanus alisimulia hivyo kwa upole wake wa kawaida, kisha akauliza kama zoezi la magunia liko tayari, kwa sababu kesho ndiyo siku ya kulionyesha.

Maji yalikuwa yamemfika Bernadina shingoni. Akikaa kimya, Mama Amna anaondoka akiamini hana akili, na ni yeye Bernadina aliyemwaminisha hivyo. Akisema kweli, kila kitu kinaanguka: alama mia, uongozi wa kundi, shukrani za baba kule jumuiyani, fahari ya shangazi mlangoni. Alijaribu kutafuta njia ya tatu. Aliitafuta kipindi kizima cha mchana, na haikuwapo. Masomo yalipokwisha alishika njia ya sokoni.

Mama Amna alikuwa anakunja vitenge. Bernadina akamwamkia.

"Shikamoo, Mama Amna."

"Marahaba. Umetumwa na mwalimu?"

Bernadina akasema hapana, amekuja mwenyewe. Kisha akasema yote akiwa amesimama, macho yakitazama sakafu. Alisema hajawahi kugusa kompyuta kabla ya chuo, alisema alikariri, alisema ile tano ya mstari wa sita haijui hata yeye. Katikati ya maneno aliingia mteja, ikabidi asubiri ukutani wakati kitenge kinafunguliwa, kinapimwa, kinakunjwa tena. Mteja alichagua taratibu sana. Bernadina hakuweza kuondoka wala kuendelea.

Mteja alipotoka, Mama Amna alikaa kwenye kiti chake.

"Kuniambia mimi hapa dukani, tukiwa wawili, ni kazi nyepesi," akasema. "Mimi hukuniaibisha hapa. Uliniaibisha darasani, mbele ya Romanus. Nimelala siku zote hizi nikijiambia kwamba ndugu zangu walikuwa sahihi. Kesho nakuja na barua yangu, Bernadina. Kama una la kusema, nitakusikia hukohuko."

Usiku Bernadina hakulala vizuri. Hata asubuhi alifagia uwanja bila kusema neno, mpaka shangazi akamuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Ilikuwa kweli kwa namna fulani, maana maradhi yake hayakuwa ya mwili. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, naye alihisi siku ya kuumbuliwa imefika.

Darasani Mama Amna alikuwa amekaa nyuma kabisa, bahasha nyeupe mapajani. Mwalimu Hatibu aliwasalimu, akasema wataanza na kundi la Bernadina. Akamwita mbele aandike programu ya magunia kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa ikionyesha maandishi ukutani.

Bernadina alikaa. Vidole vyake viliijua njia. Angeandika mistari yote kumi na minne na pengine hakuna ambaye angehesabu magunia. Aliandika mstari wa kwanza, wa pili, akafika wa tano, kisha akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mwalimu, mimi sijui," akasema. "Niliikariri tu. Siku ya kwanza nilidanganya, nilipaswa kunyoosha mkono na wale wengine. Na Mama Amna aliponiuliza swali nilimjibu vibaya, kwa sababu sikujua jibu. Swali lake lilikuwa zuri. Mjinga nilikuwa mimi."

Kijana mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Mwalimu Hatibu alikunja uso. Akaandika mwenyewe mistari iliyobaki, kisha akauonyesha mstari wa sita kwa rula.

"Huu unafanya kazi gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Na huu wa saba?"

"Sijui."

Aliendelea hivyo mpaka wa kumi na nne. Mara tisa Bernadina alisema "sijui" mbele ya darasa zima, na kila mara alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alipomaliza aliwageukia wengine kwa hasira, akawataka wanaojua kazi ya mstari wa sita wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mikono mitatu. Watu walikuwa kumi na saba.

Mwalimu Hatibu aliiweka rula mezani, akakaa juu ya dawati la mbele. Hasira yake ilikuwa imekosa pa kwenda. Hatimaye akasema kwamba Bernadina amekosa na ataadhibiwa, ila na yeye mwalimu ana kosa lake, maana alitoa jaribio ambalo hata kasuku angepata mia. Kisha akamuuliza Bernadina swali la ajabu: kwao kuna kazi gani anayoijua kiasi kwamba anaweza kuifanya akiwa amefumba macho?

Bernadina akafikiri. "Kupanda mahindi kwa kamba," akasema. "Kila penye fundo unachimba shimo."

"Zimeni kompyuta," mwalimu akaagiza. "Tokeni nje wote."

Uwanjani walifunga mafundo kumi kwenye kamba ya kuanikia nguo, wakaitandika chini. Kokoto zikawa mbegu. Mwalimu akamtazama Mama Amna, aliyekuwa amesimama kando na bahasha yake, akamwomba awe kompyuta. Alimwambia asitumie akili yake hata kidogo, afanye tu kile ambacho Bernadina atamwagiza. Mama Amna alisita, akaiweka bahasha kwapani, akashika kijiti cha kuchimbia.

"Panda mahindi," Bernadina akasema.

Mama Amna akasimama tu. Hakuna aliyekuwa amemweleza kupanda ni nini. Bernadina akajaribu tena: achimbe shimo penye fundo la kwanza, aweke mbegu, afukie. Mama Amna akachimba, akamimina kokoto zote shimoni, akafukia. Watu wakacheka, na safari hii Bernadina naye alicheka. Akarekebisha: weka mbegu mbili. Akaona atachoka kusema yaleyale fundo kwa fundo, basi akasema, "Nenda hatua moja mbele, ufanye tena hivyohivyo. Rudia."

Mama Amna akaenda, akachimba, akaweka mbili, akafukia, akaenda. Alifika fundo la kumi, akaipita kamba, akaendelea kuchimba kuelekea getini. Alitoka nje ya geti. Dereva wa bodaboda akasimamisha pikipiki akamuuliza mama amepoteza nini. Mama Amna, ambaye hakuagizwa kujibu, akachimba shimo lingine.

"Mwalimu, mwambie asimame," Bernadina akasema huku akicheka mpaka machozi.

"Mimi simo," akajibu Mwalimu Hatibu. "Ulimwambia arudie. Ulimwambia mara ngapi?"

Kicheko kilimkatika Bernadina. Alisimama akiitazama kamba. "Sikumwambia mara ngapi," akasema polepole. Halafu akapaza sauti kuelekea getini: "Rudia mara kumi, kisha simama."

Mama Amna alirudi akijifuta mavumbi, akaanza upya penye fundo la kwanza. Alihesabu kwa midomo. Alipofukia shimo la kumi alisimama wima, akakaa hivyo kidogo. Kisha akakitupa kijiti, akaingia darasani kwa haraka ambayo hakuna aliyeitarajia kwa mtu mzima kama yeye. Wenzake wakamfuata. Aliwasha kompyuta ya kundi lao, akavaa miwani, akautafuta mstari wa sita wa programu ya magunia. "Hii tano ndiyo mara ngapi," akasema, akaifuta kwa kidole kimoja na kuandika saba.

Kompyuta ikapokea magunia saba. Lakini jibu likatoka kubwa mno, na Romanus, aliyezoea kukubali kila kitu, akasema kwa mara ya kwanza kwamba hakubali. Wakatafuta tena, wakaikuta tano nyingine mstari wa kumi na mbili, ile ya kugawanyia jumla. Wakaibadilisha na hiyo. Jibu likawa sahihi.

Adhabu ya Bernadina haikufutwa kwa sababu ya vicheko. Alama mia ziliondolewa kwenye daftari la mwalimu, ikaandikwa sifuri. Uongozi wa kundi akapewa Romanus. Na Jumamosi Bernadina akatakiwa kuja pamoja na wanaoanza mwanzo. Jioni alimpigia baba yake simu, akamweleza yote. Mzee Marseli akasema itabidi asimame tena jumuiyani, maana shukrani ya uongo hawezi kuiacha mbele ya Mungu, na kwamba afadhali binti mwenye sifuri ya kweli kuliko mwenye mia ya uongo. Bernadina alilia, ila alipokwisha kulia alilala usingizi mzito.

Jumamosi alipofika chuoni alimkuta Mama Amna amekaa kwenye ngazi, bahasha mkononi.

"Bado unaileta?"

"Fungua usome," Mama Amna akasema.

Barua ilikuwa fupi. Ilimwamkia mwalimu kwa heshima, ikamshukuru kwa uvumilivu wake, kisha ikasema: "Ninaacha masomo kwa kuwa nimegundua kwamba mimi sina akili ya kusoma, na waliosema hivyo tangu zamani hawakukosea." Chini kulikuwa na jina kamili na sahihi.

Bernadina aliisoma mara mbili.

"Mwandiko ni wangu," Mama Amna akasema, "lakini maneno hayo uliniandikisha wewe. Nilitaka uyaone kwa macho yako. Watu hudhani uongo kama ule unamdhuru mwenye nao tu. Mwanangu, kutojua si kosa, ndiyo maana vyuo vikajengwa. Kosa ni kujifanya unajua, kwa sababu anayekuamini atajiona mjinga mbele ya kitu ambacho hata wewe hukijui. Sisi wawili tulifungiwa chumba kimoja, na kila mmoja alidhani mwenzake yuko nje."

Akaichukua barua, akaichana mara mbili, akavitia vipande kwenye mfuko wake.

"Haya, inuka," akasema. "Mwalimu amekwisha kuingia, na mimi nina swali kuhusu mstari wa saba."

"Hata mimi," akasema Bernadina.